Nani aweza kujifunga? Habari za mapatano kwenye pwani ya Tanganyika

Katika bandari ya Kazimia, kusini ya Baraka, mapatano hayakosi hata siku moja. Huyu atoa pesa kwa mwenye mashua, naye atarudishiwa kwa ndagala. Yule akodi shamba kwa msimu mmoja wa mihogo. Mwingine aacha nyavu zake kwa jamaa na kusema: tutagawana. Mara nyingi hakuna karatasi, ao karatasi yenyewe imechanwa katika daftari la mtoto wa shule, na chini yake kuna alama ya kidole na majina ya mashahidi wawili. Kiisha ugomvi waamka, nao waletwa mbele ya mkubwa wa kijiji, ao mbele ya katekista kwa kuwa yeye ajua kusoma. Wote wabishana juu ya bei na juu ya siku ya kulipa. Lakini liko swali linalotangulia hayo yote, na ni wachache wanaoliuliza: Je, wale waliopatana walikuwa watu wawezao kujifunga?

Swali hilo lina historia yake kwenye pwani yetu, tena historia yenye uchungu. Tumeona vema kuieleza hapa, kwani waseminari hufundishwa sheria kama kitu kilichoshuka kimekamilika, na makatekista hukutana nayo pasipo kufundishwa lolote.

Tuanze na maneno yenyewe. Amri ya Leta Huru ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hata leo ndiyo msingi wa sheria ya mapatano katika inchi yetu, yataka mambo manne ili patano liwe na nguvu: ukubali wa yule anayejifunga, uwezo wake wa kupatana, kitu kilicho wazi kinachopatanwa, na sababu iliyo halali. Mambo hayo manne hayakuzaliwa Kongo. Yalitoka katika kitabu cha sheria cha Napoleon cha mwaka 1804, nacho kilikuwa kimechota mengi kwa Waroma wa kale. Jambo la pili, uwezo, ndilo tunalolitafuta. Tusilichanganye na mamlaka. Mtu mzima mwenye akili timamu ana uwezo wa kuuza. Lakini hawezi kuuza mtumbwi wa jirani yake. Hapo hakupungukiwa na uwezo, bali mtumbwi si wake. Mtoto wa miaka kumi, kinyume chake, mtumbwi waweza kuwa wake kabisa kwa urithi wa baba, naye hawezi kuuuza. Mambo haya mawili hayafanani, na aliyeyachanganya atahukumu vibaya kila kesi ya shamba.

Mbele ya karatasi kufika, wenyeji wa pwani, Wabembe, Wabwari, Wamasanze na wengine, walijua sana ni nani awezaye kujifunga na ni nani asiyeweza. Ila hawakuhesabu miaka. Kijana aliyetahiriwa, aliyeoa na kuwa na nyumba yake, neno lake lilisikiwa. Lakini katika mambo makubwa, kama mali ya ndoa ao shamba la ukoo, hakusema peke yake. Wazee walisema, naye alisimama nyuma yao. Mwenye kujifunga alikuwa ukoo, na mtu mmoja alikuwa kinywa chake tu. Ndiyo maana deni halikufa pamoja na mdeni. Wazungu waliofika kati ya watu wa namna hii wakitafuta mtu mmoja wa kutia mkono, walitafuta kitu kisichokuwapo.

Mfano ulio wazi twaupata kusini zaidi, kwenye pwani hiihii. Mwezi wa Mei 1883 mwaskari Mbelgiji Emile Storms, wa Shirika la Kimataifa la Afrika, alifika kwa mkubwa aliyeitwa Mpala, nao wakachanjiana damu. Kwa wenyeji, kuchanjiana damu lilikuwa patano kubwa kupita yote: lilifanya ndugu, na ndugu wawili husaidiana sawasawa, wala mmoja hamtawali mwingine. Kwa Storms na waliomtuma lilikuwa mlango wa kuimiliki inchi. Damu ni moja, mapatano ni mawili! Jirani mmoja mwenye nguvu, Lusinga, hakutaka kuinama. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia wakamwua, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Wakubwa wengine waliokuja kupatana nyuma ya siku hiyo walikuja wakijua habari hiyo. Mwanasheria atasema kwamba hapo uwezo wa wakubwa haukupungua, kilichoharibika ni ukubali wao, kwa sababu ya woga. Ni kweli. Mwaka 1885 boma la Mpala likatolewa mikononi mwa Mapadri Weupe, na hivyo Kanisa likajikuta likikaa katika nyumba ambayo msingi wake ni patano la namna hiyo.

Upande wa magharibi, karibu na bahari, Stanley na wasaidizi wake walikusanya karatasi za mapatano zaidi ya mia nne kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Moja yajulikana sana, ile ya wakubwa wa Ngombi na Mafela ya tarehe 1 Aprili 1884. Kwa kipande kimoja cha nguo kila mwezi kwa kila mkubwa, pamoja na zawadi ya nguo siku ile, walihesabiwa kuwa wametoa enzi yote ya inchi zao kwa Shirika, na watu wao kuwa wafanyakazi wake. Huko Ulaya mabishano yalikuwa makali, lakini angalia walibishana juu ya nini. Mwanasheria Mwingereza Travers Twiss aliandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba shirika la watu binafsi, lisilo leta, lina uwezo wa kupokea enzi kutoka kwa wakubwa wa Afrika. Mashaka yalikuwa juu ya uwezo wa mpokeaji. Uwezo wa mtoaji ulikubaliwa upesi, kwa sababu ulihitajiwa. Marekani ikalitambua Shirika tarehe 22 Aprili 1884. Katika mkutano wa Berlin, uliofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885, mjumbe mmoja wa Marekani, Kasson, alisema mwezi wa Januari kwamba sheria ya siku hizi yaelekea kutaka ukubali wa hiari wa wenyeji mbele ya kuchukua inchi yao. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea na kazi yao. Neno lake halikuingia katika hati ya mkutano.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Enzi ilikuwa imekwisha kupokelewa. Tarehe 1 Julai 1885 mkubwa wa Leta mpya alitoa amri fupi yenye mambo mawili. La kwanza: patano lolote lililofanywa na wenyeji juu ya kukaa katika sehemu ya udongo halitatambuliwa wala kulindwa na serikali, isipokuwa limefanywa mbele ya mtumishi wa Leta aliyewekwa kwa kazi hiyo. La pili: udongo usio na mtu wapashwa kuhesabiwa kuwa mali ya Leta. Basi mkubwa yule aliyekuwa na uwezo mkubwa mwaka 1884, hata kuweza kuuza inchi nzima pamoja na mito na vijiji, mwaka uliofuata hakuwa tena na uwezo wa kumkodisha mfanya biashara shamba moja pasipo msimamizi. Mtu hakubadilika, akili zake hazikupungua. Kilichobadilika ni yule aliyehitaji mkono wake. Hatutaki kuwasingizia wote walioandika amri ile. Wako waliotaka kweli kuwakinga wenyeji na wachuuzi wenye hila. Lakini kinga na kizuizi vilifumwa kwa uzi mmoja, na hata leo ni vigumu kuvitenga.

Na mtumishi huyo wa Leta alikuwa wapi? Katika Kazimia na Ubwari hakuwapo. Mwaka 1885 njia za huku zilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wa pembe na watumwa, na Leta yenyewe ilifika kwa nguvu kwenye ziwa katika miaka ya 1890 tu. Waliotangulia kukaa hapa ni Mapadri Weupe: kwanza Mulweba katika inchi ya Masanze, mwaka 1880, kiisha Kibanga, karibu na Ubwari, mwaka 1883. Kazi yao ya kwanza iliwaingiza katika swali letu pasipo kutaka. Waliwakomboa watoto watumwa. Walitoa nguo, wakapokea mtoto.

Hapa tukae kidogo. Mtumwa, kwa sheria ya Waroma wa kale, hakuwa mtu mbele ya sheria bali kitu. Alipatanwa, wala hakupatana. Padri aliyetoa nguo hakutaka kununua kitu. Alitaka kumrudisha mtu. Mbele ya Mungu tofauti ni kubwa, na walimu wa maadili waliieleza: kutoa fidia ili kumwokoa aliyetekwa si kukubali haki ya mtekaji. Lakini mbele ya muuzaji, nguo ni nguo. Na mtoto mwenyewe aliona nini? Aliona kwamba ametoka mkono mmoja akaingia mkono mwingine. Kijijini mwa misioni alifundishwa, alilimishwa, alipokuwa mtu mzima alioa na kupewa nyumba. Je, aliweza kukataa? Kuondoka? Hatari ya kutekwa tena ilifanya swali lisiulizwe. Tena wenyeji wa jirani waliwahesabu watoto hao kuwa watu wa mapadri, kama mkubwa anavyokuwa na watu wake. Ng'ambo ya ziwa, katika Rumonge, ugomvi ulioanza juu ya mtoto uliishia kwa kifo cha Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop, tarehe 4 Mei 1881. Tungekosa haki, hata hivyo, kama tungesahau matunda. Adrien Atiman, aliyekombolewa akiwa mtoto huko mbali pande za Sahara, akasomeshwa udaktari katika Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu huko hata kufa kwake mwaka 1956. Aliyekuwa amepatanwa kama mzigo alikuwa mtu wa kutia mkono kwenye karatasi za dawa.

Leta nayo ikafuata njia hiyohiyo kwa sheria. Mwaka 1890 ilijifanya mlezi wa watoto waliookolewa ao kuachwa, na mwaka 1892 ikakubali kuwatoa kwa misioni. Tarehe 8 Novemba 1888 ilikuwa imetoa amri ya kuwakinga watu weusi katika mapatano ya kazi na wageni: patano la kazi lisizidi miaka 7. Miaka saba! Mjakazi wa Biblia asingeona tofauti kubwa.

Siku za Wabelgiji, kuanzia 1908, tuzipite upesi, isipokuwa kwa jambo moja. Mwenyeji alikaa chini ya desturi ya ukoo wake, na tangu amri ya tarehe 15 Aprili 1926 tribunali za wenyeji ziliwekwa sawasawa ili kuhukumu kwa desturi hiyo. Kwa sheria ya kuandikwa hakuhesabiwa. Lakini kwa amri ya tarehe 16 Machi 1922, mfanyakazi aliyevunja patano la kazi na bwana wake aliweza kufungwa gerezani. Kwa mtu mwingine, kuvunja patano ni kulipa hasara. Kwa yeye ni kifungo. Ndiyo kusema: mtu ahesabiwa mtoto anapotaka kupata, na mzee anapopashwa kuadhibiwa. Twaona kosa hilo ni kubwa kuliko mengine yote ya sheria ya wakati ule, kwani ni ubovu wa akili pia na si wa moyo tu. Mlango ulifunguliwa polepole sana: amri ya tarehe 17 Mei 1952 iliwaruhusu wachache waliopimwa kwanza kuandikwa chini ya sheria ya Wazungu, na ile ya tarehe 10 Februari 1953 ikawakubalia Wakongomani kuwa na udongo wenyewe, mtu mmoja mmoja. Waliopita mlango wa kwanza mbele ya uhuru wa 1960 walikuwa wachache mno.

Nyuma ya uhuru, ilionekana kwamba kila mtu mzima angekuwa na uwezo wake. Tarehe 1 Agosti 1987 ikatoka Sheria ya Jamaa, kitabu kikubwa, na katika mambo mengi chema. Wasio na uwezo, yasema, ni watoto wasiotimiza miaka 18, wenye wazimu waliozuiliwa na tribunali, na watu wazima waliolegea akili, ama wapotevu wa mali, ama waliodhoofishwa na uzee ao ugonjwa, waliowekewa msimamizi. Hapo pote ni haki: sheria yamkinga aliye dhaifu. Hata mafundisho ya wanasheria huongeza neno zuri, kwamba aliyepatana na asiye na uwezo hawezi kujitetea kwa upungufu huo. Ukinunua nyavu kwa mtoto kwa bei ya kumdanganya, mlezi wake aweza kulivunja patano, wewe, hapana. Kinga ni ya yule mtoto.

Lakini sheria ile haikuishia hapo. Iliongeza mke. Mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa kila tendo la sheria linalomfunga kufanya kazi kwa nafsi yake. Hakuweza, isipokuwa kwa mambo machache, kusimama mbele ya tribunali, kupata mali, kuitoa wala kujifunga pasipo ruhusa hiyo. Mume akikataa, aende kwenye tribunali ya amani. Sababu ya kinga haipo hapa, kwani mwanamke asiyeolewa wa miaka 18, dada yake hasa, alikuwa na uwezo wote. Akiolewa ampoteza. Tena sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na ndoa ilimtoa katika ulezi wa wazazi. Akatoka mkono wa baba asubuhi, akaingia mkono wa mume jioni. Wabelgiji waliotuachia mawazo hayo walikuwa wamekwisha kuyaacha kwao tarehe 30 Aprili 1958.

Nani anunuaye ndagala bandarini alfajiri, anayezianika, anayezipeleka sokoni? Ni akina mama. Kwa karibu miaka thelathini, katika inchi ambayo vita tangu 1996 vilipeleka waume wengi porini, ng'ambo ya ziwa ao kaburini, mama aliyekopa pesa za mashua alifanya patano ambalo mume aliyerudi aliweza kulivunja. Mkopeshaji aliyejua sheria alimkataa, asiyejua alimkopesha. Hivyo ujinga wa sheria ulifanya kazi ambayo sheria yenyewe ilikataa kufanya. Twasema hivi pasipo kusifu ujinga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoondoa ruhusa ya mume: sasa mume na mke wapashwa kusikilizana, yeye kwa huyu na huyu kwa yeye, na umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote wawili. Habari hiyo haijafika katika kila kijiji. Twajua bado wako wazee wa mabaraza wanaomwuliza mama, karatasi ya mume iko wapi.

Lasalia Kanisa lenyewe. Mseminari aliyezoea kudhani kwamba haya ni mambo ya Leta tu, asome kanuni 1290: yale ambayo sheria ya inchi yameweka juu ya mapatano, Kanisa layashika kwa nguvu ileile katika mambo yake, isipokuwa yakipingana na sheria ya Mungu ao na kanuni nyingine. Kitabu cha 1917 kilisema vivyo hivyo katika kanuni 1529. Ndiyo kusema ile amri ya 1888, kazi ya Leta ya Leopold, ndiyo ipimayo patano la paroko wa Fizi anaponunua mabati. Kwa upande wa ndoa, kanuni 1057 yataka ukubali wa watu walio habiles kwa sheria, neno letu lilelile la uwezo. Na hapo hakuna ukoo unaoweza kukubali pahali pa wenye kuoana, hata mali ikiwa imelipwa yote.

Parokia ni mtu mbele ya sheria ya Kanisa, na kinywa chake ni paroko, kadiri ya kanuni 532. Katekista wa kijiji aliyepatana na jirani juu ya kiwanja cha kanisa dogo amejifunga yeye mwenyewe, parokia haikufungwa. Na paroko naye, akipita matengenezo ya kawaida pasipo ruhusa ya kuandikwa ya askofu, tendo lake ni bure, ndivyo isemavyo kanuni 1281.

Lakini shida kubwa ni udongo. Patano la Leopold na Kiti Kitakatifu la tarehe 26 Mei 1906 lilikuwa limewapa misioni hektari 100, hata 200, kwa kila moja. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema udongo wote ni mali ya Leta peke yake, isiyouzwa wala kupotea kwa kupita miaka. Mkubwa wa desturi awaye yote, hata akiwa na uwezo kamili, hawezi kuuza asicho nacho. Atoacho ni haki ya kutumia, nayo sheria iliahidi kuitengeneza kwa amri ya Rais, na makumi ya miaka yakapita wenyeji wakingojea. Konsesyo ya daima yaweza kupewa Mkongomani tu, tena mtu mwenye mwili na roho. Parokia, jimbo, shirika la masista, hawana uwezo huo. Wao hupata konsesyo ya kawaida ya miaka 25, yenye kurudishwa upya. Kwa sababu hiyo, padri mwenye haraka aweza kutaka kuandikisha kiwanja cha kanisa kwa jina lake mwenyewe, ili kipate konsesyo ya daima. Mbele ya mlinzi wa hati za udongo, kiwanja hicho ni chake. Akifa, warithi wake ni ndugu zake wa damu, nao wana uwezo kamili wa kukiuza.